Kasha la bibi limejaa vitu visivyo vyangu

Bi Somo, shikamoo.

Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio unaoniuma, na hili ninalokuandikia sijapata kumwambia mtu. Mama yangu amekufa bila ya kulijua.

Nina miaka 34. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimeolewa Unguja na tunakaa Jang'ombe. Mume wangu anafanya kazi bandarini Malindi, mimi nashona nguo nyumbani, na riziki inapatikana. Nasema haya ili ujue kwamba siibi kwa njaa. Lakini naiba, Bi Somo. Naiba madukani tangu nina miaka 11.

Cha kwanza kilikuwa pini ya mtandio, dukani kwa mzee mmoja karibu na kwetu Wete. Nilitumwa chumvi. Mzee alipogeuka kupima nikaifumbata ile pini mkononi. Nakumbuka njia nzima ya kurudi, moyo unanienda mbio, na kabla sijafika nyumbani mwili ukawa mwepesi kama niliyetua mzigo. Pini yenyewe sikuivaa hata siku moja.

Toka hapo ni wanja, klipu za nywele, vifungo, uzi, vichupa vya mafuta mazuri. Mara moja doti nzima ya kanga, Mchangani. Bibi yangu aliniachia kasha, lile la zamani lenye misumari ya shaba, na chini lina kificho chake. Huko ndiko ninakoviweka. Juzi nilifunga mlango nikavihesabu: vitu 47, na hivyo ni vile nisivyovitupa. Vingi sijavifungua. Ndani ya buibui langu nimeshona mfuko ubavuni, usioonekana. Fundi ni mimi mwenyewe.

Kuna jambo la ajabu. Siku nitakayoiba naijua mlangoni. Nikiingia dukani nikatoa salamu, sichukui kitu. Siku mkono unaponiwasha naingia kimya, kama simwoni mtu. Na kwa watu ninaowajua majina sijapata kugusa.

Jengine: mwezi wa Ramadhani siibi. Miaka yote hii, si siku moja ya mfungo. Lakini mkesha wa sikukuu, Darajani inapojaa watu usiku, mkono unarudi. Sikukuu iliyopita nilitoka na vichupa 3 vya mafuta, na usiku ule ule nikalia mpaka alfajiri.

Mambo mawili ndiyo yaliyonifikisha kwako. Mwaka jana nilichukua chupa ya manukato katika duka moja la vipodozi, ya bei kubwa, yenye kizibo cha rangi ya dhahabu. Wiki ya pili nikapita tena, nikamkuta mwengine kwenye kaunta. Nikamuuliza yule msichana wa mwanzo yuko wapi. Akanambia kafukuzwa, alikuwa mdokozi, kapoteza mpaka chupa ya manukato, na mshahara wa mwezi kakatwa wote. Nikasema "masikini," nikatoka.

La pili ni binti yangu wa miaka 7. Nilikuwa naye supamaketi, nikatia rangi za kuchorea kwenye mfuko. Njiani akaniuliza, "Mama, hizi tumezilipia?" Nikasema ndiyo. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile kila tukitoka dukani ananitazama mikononi.

Nimesoma Suratul-Maida, aya ya 38, ile ya kukatwa mkono wa mwizi, nikafunga msahafu kwa khofu. Nimesoma kwenye simu kwamba kuna maradhi ya wizi. Nimewaza kwenda kwa mganga, huenda nina pepo. Mume wangu nimwambie? Na vitu nivirudishe vipi, na maduka mengine yamefungwa na yule mzee wa Wete amefariki? Nina siku 19 sijagusa kitu, na kila siku nnaogopa ya kesho.

Mwenye kasha, Unguja

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka uchukue wembe wako wa kufumulia, ukaufumue ule mfuko wa ndani ya buibui. Nitakungoja. Wewe ni fundi, unajua kwamba nguo yenye mfuko inangojea kutiwa kitu. Siku zote 19 ulizojizuia umekuwa ukitembea na mlango wazi ubavuni.

Umefumua? Haya, tukae tuzungumze.

Unaniandikia kama mtu asiyeweza kuacha, na papo hapo unanambia kwamba tangu utoto wako kila mwaka unaacha siku 29 au 30. Tumefundishwa kwamba mwezi ule mashetani hufungwa, na hadithi ya Mtume ipo. Lakini hebu kaa uutazame pia mwezi wenyewe unavyouishi. Asubuhi unatoka na orodha kichwani: muhogo, nazi, ndizi mbivu. Marikiti unaingia na kutoka, kwa sababu jua linachoma na koo limekauka. Saa kumi, wakati ambao miezi mengine pengine unazunguka madukani peke yako, uko jikoni. Magharibi nyumba imejaa watu, na usiku uko tarawehe, bega kwa bega na wenzako. Halafu unakuja mkesha wa sikukuu na yote hayo yanavunjika kwa usiku mmoja. Uko peke yako, pesa mkononi, njia imejaa, wauzaji wamezidiwa na hakuna anayemtazama mwenzake. Hapo ndipo unapoangukia. Kwa hivyo kuacha unakujua, mwanangu. Usichokijua ni Mfunguo Mosi, mwezi unaoifuata Ramadhani.

Ninachokutaka ni uihamishe Ramadhani yako ije miezi mengine. Dukani nenda asubuhi, na orodha iliyoandikwa, na pesa ya orodha hiyo tu. Nenda na mtu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Zanzibar, kila mtu anatembea na mfuko wake mwenyewe, na kwa mwenye mkono kama wako huo ni mtihani. Basi wewe beba kikapu kilicho wazi, ambacho kila aliyepo anakiona mpaka chini. Hamu ikikupanda umo ndani, weka chini ulichoshika na utoke nje, hata kama kikapu kimejaa nusu na watu wanakushangaa. Simama kivulini. Hamu ya namna hii hupanda kama maji ya bamvua, na kama maji inashuka, maadamu hukuipa ilichokitaka. Na usiku wa kuamkia sikukuu Darajani usikanyage kabisa. Nunua mahitaji yako kabla kumi la mwisho halijaingia.

Hili la salamu umelitaja kama jambo la ajabu. Mimi naona limebeba barua yako yote. Ukitoa salamu, duka linakuwa na mtu ndani. Ukinyamaza, linabaki na rafu na vitu, na vitu haviumii. Miaka 23 umejificha humo, katika kutomwona mtu. Nami nakuomba uifanye salamu kuwa sharti lako: hakuna duka utakaloingia bila ya salamu, na hakuna duka utakalolizoea bila ya kumjua jina aliyesimama pale. Muulize. Muulize na watoto wake hawajambo. Ukifika mlangoni ukakuta ulimi mzito, geuza urudi nyumbani, hata kama uzi umekuishia na mwenye nguo anakungoja.

Maradhi yapo, na nilipokuwa muuguzi nilijifunza kuyaheshimu. Madaktari huyaita kleptomania, na si maneno ya juzi: madaktari wa Ufaransa walikwisha kuyaandika kwa jina hilo mwaka 1838. Mgonjwa wake huiba asichokihitaji. Kabla ya kuiba hujaa mkazo ndani, na akishaiba hupata raha au wepesi, kisha majuto. Hukadiriwa kuwa watu 3 hadi 6 katika kila 1,000 wanayo, na wanawake ni kama mara 3 ya wanaume. Mengi katika barua yako yanafanana na hayo. Ule wepesi wa njia ya Wete, na kasha la vitu visivyofunguliwa, vimenifanya nisimamishe macho. Lakini mtu huweza pia kuwa na mazoea mabaya ya muda mrefu bila ya kuwa na maradhi hayo, na wa kupambanua ni daktari aliyekaa nawe, si mimi kwenye karatasi.

Tiba ipo. Kubwa ni ya mazungumzo, ambapo unafundishwa kuijua hamu tangu inapochipua na kuikatia njia. Dawa nazo zimejaribiwa. Mwaka 2009 huko Marekani watu 25 walifuatiliwa kwa wiki 8, na waliopewa naltreksoni hamu yao ya kuiba ilipungua kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nakutajia ili ujue kwamba si wewe peke yako duniani, wala si jambo lisiloshikika. Vidonge usivitafute mwenyewe.

Najua kwamba hapa kwetu ukitaja Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, watu wanacheka, kana kwamba anayeingia pale ameaga akili zake. Jambo hili limenihuzunisha maisha yangu yote ya kazi. Watu wangapi wamekaa na maumivu yao majumbani kwa kuogopa kuonekana kwenye lango lile! Nenda, mwanangu. Ukiona uzito, anza na daktari wa kawaida wa kituo cha afya, mwambie unataka kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Mwambie kweli yote, na kasha umtajie.

Kwa mganga usende. Mfuko ule uliushona kwa mkono wako na leo umeufumua kwa mkono huo huo. Pesa ya mganga itie kwenye deni, kwa sababu hata daktari akikwambia ni maradhi, vitu 47 bado vina wenyewe.

Na msahafu uliufunga mapema. Ufungue tena, usome aya ya 39 inayofuata: anayetubia baada ya dhulma yake na akatengeneza, Mwenyezi Mungu huipokea toba yake. Kutubia na kutengeneza vimekuja pamoja. Imamu Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tunamrejea sana, amezipanga sharti za toba: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na ikiwa dhambi inamhusu mja, sharti la nne ni kumrudishia haki yake. Lakini hakuna ulipoamrishwa ujitangaze. Aliyesitiriwa na Mola wake asijivue sitara kwa mkono wake.

Kwa hivyo toa karatasi, andika duka na kitu, duka na kitu, mpaka vyote. Kilicho kizima kirudi kama kilivyo, kilichooza au kilichokwisha kilipie kwa bei ya leo. Maduka mengi yatatosheka na bahasha: pesa, na mstari mmoja kwamba hii ni haki yako iliyochukuliwa, nisamehe. Duka lililofungwa, waulize majirani mwenyewe yuko wapi. Yule mzee wa Wete ana warithi, na pini ile sasa ni yao. Ukenda Pemba, wafikie. Asiyepatikana kabisa, yeye wala warithi wake, toa sadaka kwa niaba yake. Itakuchukua miezi. Usitake kuimaliza kwa wiki moja kisha ukachoka ukarudi ulipotoka.

Tahadhari moja. Usende kusimama mbele ya kaunta ukalia na kukiri mbele ya kadamnasi. Wizi kwetu hauendi kwa Kadhi, ambaye shughuli zake ni ndoa, talaka na mirathi. Unakwenda polisi na mahakama za kawaida, na tajiri mwenye duka aliyekasirika ana haki ya kuwaita polisi. Pita kwanza Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kipo tangu mwaka 1992, uulize kwa faragha wapi umesimama kisheria. Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, usianzie.

Mtoto asingoje miezi. Yeye wiki hii. Mkalishe umwambie, "Uliniuliza kama tumezilipia zile rangi, nikakwambia ndiyo. Haikuwa kweli. Mama alikosea, na pesa yake nairudisha." Usimwongezee mengine, kifua chake bado kidogo. Umtake radhi kwa uwongo ule. Mama kumtaka radhi mtoto wa miaka 7 haivunji heshima, na yeye anachokingojea kila anapokutazama mikononi ni mtu wa kumwambia kwamba macho yake hayakumdanganya.

Ukishamwambia mtoto, mume wako hawezi kubaki gizani. Mimi si katika wanaoshauri kila siri ya mtu ipelekwe chumbani, na kama usingekuwa na mtoto huyu ningekwambia tafuta dada au rafiki mmoja wa kukusindikiza dukani, ikatosha. Lakini hili ama atalisikia kwako, ama kwa mtoto, ama kwa mtu wa tatu atakayemfuata bandarini kumwambia mkeo amekamatwa. Mwambie wewe. Chagua usiku asiotoka zamu, umwekee mbele kasha lenyewe, wazi, na karatasi ya madeni juu yake. Atashtuka, huenda asiseme nawe siku mbili. Mwache ashtuke.

Nimelibakisha la yule msichana, kwa sababu ndilo zito kuliko yote, na sikutaka ulipite mbio.

Chupa ina bei yake. Mshahara wa mwezi nao unahesabika. Lakini mtoto wa watu ametoka pale na jina la mdokozi, na mji wetu huu ni mdogo. Kila duka atakaloomba kazi wataulizana wenyewe kwa wenyewe, yule alitokea wapi, mbona aliachishwa? Ulichomchukulia yeye ni jina, na jina halirudi kwa bahasha ya siri. Fikiri mwenyewe: tajiri akikuta bahasha ya pesa ya manukato chini ya mlango, atasema nini? Atasema yule msichana kaona haya, karejesha. Utakuwa umemfunga mara ya pili.

Hapa pataka mtu wa kusema kwa ulimi. Mtafute mzee anayesikilizwa, imamu wa msikiti wenu au mtu wa makamo yake, mwenye kifua cha kuweka siri. Akamwone tajiri faragha, amwambie: chupa ilichukuliwa na mtu mwengine, mimi namjua na amenituma, bei yake hii hapa, na msichana wako hana kosa. Amwombe amrudishe kazini. Kama nafasi imejaa, basi awaambie wafanyakazi wake kwamba walimdhulumu, na akiulizwa na mwenye duka mwengine aseme kweli. Mshahara aliokatwa utamlipa wewe, wote, hata kama itakubidi ushone usiku miezi mitatu. Na kama msichana atataka kumjua aliyemtenda hivi, jitokeze. Akikataa kukusamehe, usimshike mguu wala usimtumie watu wa kumbembeleza. Amefukuzwa kazi kwa ajili yako, na ana haki ya kukasirika kwa muda autakao.

Itakuwaje tajiri akisema haamini mpaka atajiwe mtu? Nimelala nalo hili usiku mzima. Sitara yako naipenda, lakini siipendi kuliko jina la yule msichana. Ukishapata ushauri wa sheria, na mume wako akijua, na mzee wako akiwa ubavuni mwako, basi utajitaja. Nakuambia hivi nikijua ninachokutaka.

Umeniandikia mpaka rangi ya kizibo cha chupa. Jina lake hukuliandika, na nadhani hulijui. Nenda kaliulize kwenye kaunta ile ile, asubuhi, bila ya buibui lenye mfuko, na ukifika mlangoni utoe salamu.